Kusakinisha upya Windows: pale kazi inapokwama, na hatua moja isiyorudi nyuma

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha utoaji wa kawaida wa masahihisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, miaka kumi na miezi michache baada ya kuuzindua mwezi Julai 2015. Kompyuta zinazoutumia hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinachapa barua na kufungua tovuti za benki kama zilivyokuwa zikifanya. Lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa ndani ya mfumo huo, hubaki bila kuzibwa. Kwa sababu hiyo watu wengi wamejikuta mbele ya kazi ambayo hapo awali waliiachia fundi: kuiondoa Windows ya zamani na kuweka nyingine, au kuiweka upya ile ile baada ya virusi na miaka ya matumizi kuichosha.

Katika vibanda vya mafundi kazi hiyo huitwa "kupiga Windows", nayo huhesabiwa kuwa ya saa moja hivi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Inapokwama, hata hivyo, hukwama kwa ujumbe usioeleweka. Kompyuta husema haioni diski ilhali diski imo. Au huiona, lakini hukataa kuitumia. Au hudai namba ndefu ambayo mwenye mashine hajapata kuisikia. Hapo ndipo hasara hutokea, na aghalabu haisababishwi na kosa lenyewe. Husababishwa na kile ambacho mtu aliyechoka, saa tano za usiku, huamua kukibofya ili ujumbe ule uondoke.

Katika safari nzima ya kuweka mfumo upya, karibu kila hatua inaweza kubatilishwa. Flashi isiyofaa hutengenezwa tena. Mpangilio uliobadilishwa hurudishwa. Kompyuta iliyokataa kuwaka kwa flashi huzimwa, flashi ikachomolewa, na Windows ya zamani ikafunguka kana kwamba hapakutokea kitu. Hatua isiyorudi nyuma ni moja: kufuta sehemu za diski katika ukurasa unaouliza Windows iwekwe wapi. Kabla ya kitufe hicho kubofywa, tasnifu ya mwanafunzi, daftari la hesabu la chama cha kuweka na kukopa na picha za wazazi waliokwisha kufariki zipo zote. Baada yake hakuna uhakika.

Nakala kwanza, na si folda ya nyaraka peke yake

Ushauri wa kutoa nakala za faili umerudiwa mno hata umepoteza makali. Kinachosahaulika ni kwamba faili zenye thamani hazikai mahali pamoja. Wengi hunakili folda ya nyaraka na ya picha, wakaacha vilivyowekwa kwenye ule uso wa mwanzo unaoonekana kompyuta inapowaka, pamoja na folda ya vitu vilivyopakuliwa. Programu nyingi za uhasibu na za mauzo ya dukani huweka hifadhidata yake mbali kabisa, ndani ya folda za programu ambako mtumiaji hana desturi ya kuingia. Barua pepe zilizopakuliwa na programu ya Outlook huweza kukaa zote katika faili moja kubwa. Manenosiri yaliyotunzwa na kivinjari nayo hupotea, isipokuwa kama kivinjari hicho kimeunganishwa na akaunti. Kwa programu ya uhasibu, njia salama ni kuifungua programu yenyewe, kutumia menyu yake ya kutoa nakala rudufu, kisha kujaribu kuifungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Iwapo Windows haifunguki tena, njia bado ipo. Mifumo ya Linux kama Ubuntu na Linux Mint inaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Mtu huwasha mashine kwa flashi hiyo, huchagua kuujaribu mfumo badala ya kuusakinisha, hufungua diski ya ndani kama folda yoyote nyingine, na kunakili faili zake kwenye diski ya nje. Gharama yake ni flashi na bando la kupakulia, na inastahili kutangulia uamuzi wowote wa kufuta. Kikwazo kikubwa ni pale diski inapokuwa imesimbwa, yaani imefungwa kwa ufunguo wa siri. Suala hilo linaelezwa hapa chini kwa sababu ndilo linalozidi kuwakuta watu.

Diski inayotoa mlio wa kugongagonga, au inayochukua dakika nzima kufungua folda moja, haipaswi kusakinishiwa chochote. Kuna uwezekano mkubwa kwamba inaelekea kufa, na kuandika maelfu ya faili juu yake ni kuisukuma shimoni. Huokolewa faili kwanza, kisha hubadilishwa. Ipo pia tofauti kati ya diski za zamani zenye sahani zinazozunguka na zile za SSD. Kwenye za zamani, faili zilizofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi huweza kurudishwa na mtaalamu maadamu hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Kwenye SSD, amri iitwayo TRIM huiarifu diski kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, nayo diski huisafisha yenyewe. Baada ya hapo hata mtaalamu hana cha kuokota.

Flashi isiyowaka

Chombo ambacho Microsoft hukitoa bure kwa ajili ya kutengeneza flashi ya usakinishaji huhitaji flashi yenye nafasi ya GB 8 au zaidi, na hufuta kila kilichomo. Kosa la kawaida ni kupakua faili ya ISO na kuinakili kwenye flashi kama mtu anakilivyo wimbo. Flashi hiyo haitaiwasha kompyuta. Kosa jingine limejificha zaidi. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja inayofikia GB 4, ilhali faili kuu ya Windows ya siku hizi mara nyingi huvuka kiwango hicho. Anayejaribu kuhamisha vilivyomo kwa mkono huambiwa kwamba faili ni kubwa mno hata kama flashi yake ni ya GB 64. Chombo cha Microsoft, na programu ya bure iitwayo Rufus, hulitatua jambo hilo bila kumsumbua mtumiaji.

Flashi ikiwa nzima na bado Windows ya zamani ndiyo inayofunguka, maana yake kompyuta haijaambiwa iitumie flashi. Kuna menyu ya kuchagua chombo cha kuwashia: kwa kompyuta nyingi za Dell, Lenovo na Acer hufunguliwa kwa kitufe cha F12, kwa HP ni F9, na kwa Asus ni Esc au F8. Kitufe hugongwa mara tu mashine inapowaka, kabla nembo ya mtengenezaji haijatoweka. Wengi hushindwa hapa wasijue kwamba Windows 10 na 11 zikizimwa kwa njia ya kawaida huwa hazizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka, na kwenye baadhi ya mashine nafasi ya kugonga kitufe hupita upesi mno. Dawa ni kuchagua kuwasha upya badala ya kuzima. Kama Windows bado inafunguka, mtu aweza pia kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuwasha upya. Menyu ya buluu itatokea, na humo mna chaguo la kutumia kifaa kingine.

"Kompyuta hii haikidhi masharti"

Ujumbe huu hutokea kwa anayetaka Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021 ikiwa na masharti magumu kuliko ya mtangulizi wake: kumbukumbu ya RAM ya GB 4, diski ya GB 64, programu dhibiti ya aina ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya kampuni. Kwa Intel orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017.

Si kila anayeuona ujumbe huo ana mashine isiyofaa. Kwenye kompyuta nyingi uwezo wa TPM umo lakini umezimwa, na huwashwa ndani ya programu dhibiti, ile ambayo mafundi bado huiita BIOS, kwa jina la PTT kwa mashine za Intel au fTPM kwa za AMD. Kama prosesa ndiyo iliyo ya zamani, hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Zipo njia za kuyakwepa masharti, na mafundi wanazijua, lakini Microsoft haiahidi kwamba kompyuta iliyosakinishwa hivyo itaendelea kupokea masahihisho. Mwenye mashine ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kulipa. Anayebaki na Windows 10 anaweza kuisajili kompyuta yake katika mpango wa nyongeza wa masahihisho ya usalama unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mashine ya kuandikia na kuvinjari tu, Linux ni chaguo ambalo halipaswi kudharauliwa.

Diski isiyoonekana na diski inayokataliwa

Hapa ndipo penye kitufe kile cha hatari, na ndipo panapohitaji subira kuliko mahali pengine popote.

Orodha ya diski ikiwa tupu, kuna njia rahisi ya kujua kasoro iko wapi. Mtu huingia kwenye programu dhibiti na kuangalia kama diski imeorodheshwa humo. Isipokuwemo, tatizo ni la chuma: diski imelegea, waya umekatika au diski imekufa. Ikiwemo huku kisakinishi hakiioni, diski huenda ni nzima na kinachokosekana ni draiva. Kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, na za vizazi vilivyofuata, huiweka diski nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD. Kisakinishi kisipokuwa na draiva yake huonyesha ukurasa mweupe. Mwenye mashine huamini kwamba diski imekufa, na fundi asiye mwaminifu hana haja ya kusema neno zaidi ili amuuzie nyingine. Kinachotakiwa ni kupakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta, kuiweka kwenye flashi ikiwa imekwisha kufunguliwa kutoka kwenye kifurushi chake, na kuipakia kwa kutumia kiungo kilichopo kwenye ukurasa ule ule mweupe. Baadhi ya mashine huruhusu VMD izimwe. Hiyo ni njia ya mkato inayofanya kazi, ila Windows ya zamani iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa huenda ikakataa kufunguka mpaka mpangilio urudishwe. Kukataa huko hakumaanishi kwamba faili zimepotea.

Shida ya pili ni ya diski inayoonekana lakini inakataliwa kwa maelezo kwamba ina jedwali la MBR ilhali mfumo unahitaji GPT. Hayo ni majina ya namna mbili za kuandika, mwanzoni mwa diski, ramani ya sehemu zake. MBR ilianza na kompyuta za IBM mwaka 1983 na kwa kawaida haiwezi kuhesabu zaidi ya TB 2. GPT ndiyo inayoandamana na UEFI. Ujumbe huu hautangazi ubovu wowote. Unasema tu kwamba flashi imewashwa kwa njia mpya huku diski ikiwa imepangwa kwa njia ya zamani.

Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni humwambia msomaji afute diski nzima, na kwa kweli tatizo huisha. Huisha pamoja na kila kilichomo. Anayetaka kuendelea na mfumo unaokubali njia ya zamani, kama Windows 10 au Linux, anaweza kurudi kwenye menyu ya kuwashia na kuangalia kama flashi imeorodheshwa mara mbili, mara moja kwa jina la UEFI na mara nyingine bila jina hilo, kisha achague ile ya pili. Anayehitaji GPT anaweza kutumia chombo kiitwacho mbr2gpt, ambacho Microsoft ilianza kukijumuisha katika Windows 10 mwaka 2017. Hicho hubadilisha ramani bila kufuta faili, mradi diski isiwe na sehemu za msingi zaidi ya tatu. Baadaye programu dhibiti huwekwa kwenye hali ya UEFI. Umeme ukikatika wakati ramani inaandikwa upya, matokeo yanaweza kuwa mabaya, kwa hiyo kompyuta mpakato yenye betri iliyochoka au ya mezani isiyo na UPS si mahali pa kujaribia jambo hilo katika msimu wa mgao wa umeme.

Imani nyingine inayogharimu ni kwamba vilivyo kwenye "D" viko salama daima. Viko salama iwapo tu sehemu hiyo haitaguswa, kwa maana mara nyingi C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Katika ukurasa wa kisakinishi herufi hizo hazionekani. Zipo namba za sehemu na ukubwa wake. Anayefuta sehemu zote ili "aanze upya" ameifuta D pia. Inafaa basi kuandika pembeni ukubwa wa C na wa D kabla ya kuanza, na kutambua kila sehemu kwa ukubwa wake. Na diski ya nje yenye nakala ichomolewe mara nakala inapokamilika. Ikiachwa imechomekwa, nayo itaorodheshwa katika ukurasa huo huo, mstari mmoja chini ya ile inayokusudiwa kufutwa.

Namba yenye tarakimu 48

Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni huisimba diski zenyewe, bila kuuliza, mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, lijulikanalo kama 24H2, jambo hilo limekuwa la kawaida hata kwa usakinishaji mpya wa toleo la nyumbani. Kusudi lake ni jema: mwizi wa kompyuta hawezi kuing'oa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Lakini kufuli hilo hilo humfungia nje mwenye mali. Akibadilisha mpangilio wa Secure Boot, akifuta chipu ya TPM au akibadilisha ubao mkuu wa kompyuta, skrini ya buluu huweza kutokea ikidai ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, wenye tarakimu 48.

Ufunguo huo kwa kawaida hutunzwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta ilipoanzishwa, na unaweza kusomwa kwa simu kupitia ukurasa wa akaunti hiyo. Shida ni kwamba watu wengi hawakuifungua akaunti hiyo wao wenyewe. Ilifunguliwa dukani na muuzaji aliyekuwa na haraka, kwa anwani ya barua pepe ambayo hakuna aliyeiandika popote. Microsoft yenyewe inasema haiwezi kumpa mtu ufunguo uliopotea wala kumtengenezea mwingine.

Uzito wa namba hizo ulionekana duniani kote tarehe 19 Julai 2024, wakati faili yenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Tiba ilikuwa fupi, kufuta faili moja. Kwa mashine zilizosimbwa, hata hivyo, mafundi walilazimika kuketi mbele ya kila moja na kuandika tarakimu 48 kwa mkono kabla ya kuifikia faili hiyo.

Jambo ambalo mara nyingi halielezwi kwa mteja ni kwamba ufunguo hauhitajiki ili kufuta diski. Fundi anayesema "hakuna shida, nitapiga Windows" anasema kweli kuhusu kompyuta: itawaka, itakuwa nyepesi, itaonekana kama mpya. Kuhusu faili zilizokuwemo hajasema lolote. Anayetaka kuepuka hali hiyo afungue mipangilio ya Windows wakati bado inafunguka, aingie sehemu ya faragha na usalama, aangalie kama usimbaji wa kifaa umewashwa, na anakili ufunguo wake kwenye karatasi, mbali na kompyuta.

Kukwama katikati ya kazi

Usakinishaji ukifika asilimia fulani na kusimama kwa kosa la 0x80070570 au 0x8007025D, kisakinishi kinalalamika kwamba kimeshindwa kusoma au kuandika faili ipasavyo. Lawama ya kwanza ni ya flashi: ibadilishwe, ichomekwe tundu jingine, na ISO ipakuliwe upya, hasa kama mtandao ulikuwa ukikatikakatika. Ikirudia, kinachofuata kushukiwa ni RAM. Kwenye kompyuta yenye vipande viwili vya RAM, kuondoa kimoja na kujaribu tena ni kipimo kisichogharimu chochote.

Kompyuta inayomaliza hatua ya kwanza, ikajiwasha upya, kisha ikaanza tena kuuliza lugha na aina ya baobonye, haina ugonjwa wowote. Inarudia kuisoma flashi. Flashi ichomolewe mara mashine inapojiwasha upya kwa mara ya kwanza.

Baada ya kazi kuisha

Windows mpya ikikosa Wi-Fi, mtumiaji hujikuta kwenye duara: draiva ya Wi-Fi iko kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila draiva. Windows 11 hulikaza zaidi duara hilo kwa kudai muunganisho kabla ya kumaliza hatua za mwanzo. Njia ya kutokea huwa iko mfukoni. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB, ikiwa imewashwa huduma ya kushiriki intaneti kwa USB, kwa kawaida hutambuliwa bila draiva ya ziada. Baada ya hapo Windows hutafuta draiva nyingine yenyewe, na bando huliwa kweli kweli, kwa hiyo ni vizuri kusitisha masahihisho makubwa mpaka Wi-Fi ipatikane.

Kwa kompyuta za zamani kuna kisababishi kidogo kinachosumbua kuliko ukubwa wake: betri ya duara, aghalabu ya aina ya CR2032, inayotunza saa ya ubao mkuu. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Tovuti salama hukataa kufunguka, uhalalishaji wa Windows hushindwa, na mipangilio ya programu dhibiti huweza kufutika. Hapo Windows iliyosakinishwa vizuri jana inagoma kuwaka leo, na mtu akaanza kuisakinisha mara ya pili bila sababu.

Kuhusu leseni, kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye mara nyingi hubeba ufunguo wake ndani ya programu dhibiti. Anayeulizwa namba ya bidhaa aseme hana, aendelee, na Windows itajihalalisha ikishapata intaneti, mradi toleo lililosakinishwa ni lile lile. Mashine yenye leseni ya Home ikiwekewa Pro haitajihalalisha. Hapo ndipo huletwa programu za kuvunja leseni, ambazo hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza. Kumzima mlinzi ili kumkaribisha mgeni asiyejulikana katika nyumba iliyotoka kufagiliwa ni jambo la ajabu, lakini hufanyika.

Kompyuta yenye mwenyewe mwingine

Limebaki tatizo ambalo usakinishaji hauwezi kulitatua, nalo linawahusu wanunuzi wa kompyuta za mtumba. Mashine nyingi zinazouzwa Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma zilianza maisha katika maofisi ya ng'ambo. Baadhi ziliandikishwa katika huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot, ambayo hutunza utambulisho wa kompyuta kwenye seva za kampuni hiyo na si ndani ya diski. Mnunuzi hufuta kila kitu, huweka Windows mpya, na anapounganisha intaneti hukutana na jina la shirika asilolijua, likimtaka aingie kwa barua pepe ya kazi. Kubadilisha diski hakusaidii. Wenye uwezo wa kuiondoa kompyuta kwenye orodha ni shirika lililoiandikisha au wale wanaoisimamia huduma hiyo. Kompyuta za Mac nazo zina kufuli la namna hiyo kwa zile zenye chipu ya T2, zilizoenea tangu mwaka 2018, na zenye chipu za Apple zilizofuata.

Muuzaji anaweza kuwa haijui hali hiyo, kwa kuwa mashine iliyoanzishwa bila intaneti hufanya kazi bila kulalamika. Mnunuzi amwombe airudishe kompyuta katika hali ya mwanzo palepale dukani, aiunganishe na intaneti ya simu, na waingoje wote wawili mpaka ukurasa wa kwanza uonekane. Likitokea jina la shirika, kompyuta irudi rafuni na fedha zibaki mfukoni.